Uzamivu katika utafiti wa sumu: nani analipa, na mafunzo yakoje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye shahada ya kwanza au ya pili ya kemia, famasia, tiba, tiba ya mifugo, sayansi ya chakula au mazingira, anayefikiria kusomea uzamivu katika toksikolojia, yaani sayansi ya sumu, na hajui fedha zitatoka wapi. Wazazi na wenzi wa watu wa aina hiyo nao wanakaribishwa, maana mara nyingi ndio wanaoulizwa kama wanaweza "kushika nyumba" kwa miaka minne.

Utafiti wa sumu ni nini hasa? Si kazi ya polisi na maiti?

Kumpima marehemu kujua alikunywa nini ni pembe moja tu ya fani hii. Sehemu kubwa inahusu watu walio hai wasiojua kwamba wanakula, wanavuta au wanagusa kitu kinachowadhuru taratibu.

Chukua sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu kwenye chakula. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huko Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 janga kama hilo lilitokea Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Ukungu uliotoa sumu hiyo haukuwa mgeni kwa wanasayansi, kwani sumu yenyewe, aflatoksini, ilitambuliwa Uingereza baada ya bata mzinga kufa kwa wingi mwaka 1960. Kilichokosekana ni watu wa kutosha wa kuipima mapema, kueleza familia zinakula kiasi gani kwa siku, na kusema ghala lipi lianze kushughulikiwa.

Ongeza zebaki kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, viuatilifu vinavyopulizwa bila kinga kwenye nyanya, sayanidi ya muhogo mchungu, na kobalti, metali inayochimbwa Kolwezi huko Kongo. Kila kimoja kati ya hivi kinaweza kuzaa tasnifu kadhaa.

Gharama kubwa ya uzamivu wa sumu iko wapi? Ni ada?

Ada ndiyo watu wanayoiona kwanza kwa sababu ina risiti. Gharama inayokwamisha wanafunzi ni maabara.

Fikiria mwanafunzi anayetaka kupima aflatoksini katika damu ya watoto wa vijiji viwili. Anahitaji kibali cha maadili, usafiri wa kwenda na kurudi kijijini zaidi ya mara moja, posho ya muuguzi wa kutoa damu, mirija, barafu kavu au chombo cha nitrojeni, na jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri lenye jenereta nyuma yake, kwa sababu umeme ukikatika usiku wa Jumamosi miezi yote ya kazi inayeyuka. Kisha anahitaji vitendanishi, ambavyo vingi huagizwa nje na huweza kuchukua miezi kufika. Anahitaji sampuli rejea ya sumu yenyewe, iliyopimwa na kuthibitishwa, ya kusawazishia mashine. Vichupa hivyo ni vidogo kama kidole na bei yake haina huruma. Mwisho anahitaji muda wa mashine. Mashine ya kutenganisha na kupima uzito wa molekuli haikodishwi bure, na ile ya kupima metali hula gesi ya argoni mchana kutwa.

Kwa hiyo ufadhili unaolipa ada na posho pekee unaweza kukuacha ukiwa mwanafunzi aliyesajiliwa, mwenye chumba na chakula, asiye na data. Kabla ya kuuliza "posho ni kiasi gani kwa mwezi?" uliza: kuna fungu la utafiti? Linatolewa mwaka wa ngapi? Nani anasaini? Je, maabara nitakayofanyia kazi ina mashine inayofanya kazi leo, na fundi wake yuko nchi gani? Msimamizi anayejibu maswali haya bila kukasirika anafaa.

Kwa anayetaka kusoma Afrika Mashariki, nani hulipa?

Kuna njia nne zinazoonekana mara nyingi, na wengi huishia kuchanganya mbili au tatu.

Ya kwanza ni mwajiri. Wahadhiri wasaidizi wa vyuo vikuu ndio kundi linalosomeshwa zaidi, kwa sababu chuo kinahitaji walimu wenye uzamivu. Tanzania ina mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, uliopewa mkopo wa dola milioni 425 na Benki ya Dunia mwaka 2021, na sehemu ya fedha zake ni kusomesha wahadhiri. Kama umeajiriwa chuoni, nenda ofisi ya mafunzo na uendelezaji wa watumishi kabla ya kuhangaika na mitandao ya ughaibuni.

Ya pili ni programu za kikanda. CARTA, ubia ulioanzishwa mwaka 2008 na unaoongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, hufadhili uzamivu katika afya ya umma na ya jamii kwa watumishi wa taasisi wanachama. Hauna toksikolojia kwa jina, lakini utafiti wa sumu kwa binadamu unaingia humo bila kulazimisha. RSIF, mfuko wa PASET, ambao ni ubia wa serikali za Afrika, unaratibiwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi. Hugharimia uzamivu katika vyuo teule vya Afrika, na mwanafunzi hupelekwa kwa kipindi katika taasisi mbia ya kimataifa. Usalama wa chakula na madini vimo katika maeneo yake ya kipaumbele, kwa hiyo mtu wa sumukuvu na mtu wa zebaki wote wana mlango. Icipe yenyewe ina ARPPIS, programu ya uzamivu ya tangu 1983; ni ya sayansi ya wadudu, lakini mtu anayetaka kujua viuatilifu vinawafanya nini nyuki asiipite. DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, nayo hutoa ufadhili wa kusoma ndani ya nchi au ndani ya kanda, kupitia vyuo na vituo vilivyochaguliwa.

Ya tatu ni mifuko ya taifa: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa Tanzania, Mfuko wa Taifa wa Utafiti kwa Kenya. Hii huwa inatangaza fedha za mradi zaidi kuliko za mtu mmoja mmoja. Maana yake ni kwamba profesa ndiye anayeomba, na wewe unaingia kama mwanafunzi ndani ya andiko lake.

Ya nne ndiyo hiyo hiyo kwa sura nyingine: mradi wa msimamizi. Profesa akipata fedha za miaka minne kuchunguza risasi katika udongo wa mijini, anaweza kuwa na nafasi mbili za uzamivu ambazo hazitangazwi kwa kelele. Zinabandikwa kwenye tovuti ya idara, au zinasemwa kwenye semina ya Ijumaa ambayo wanafunzi wengi hawahudhurii.

Vyuo gani vya kanda vina wasimamizi wa fani hii?

Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara ya afya ya umma, famakolojia na toksikolojia katika kitivo cha tiba ya mifugo, Kabete. Sokoine ya Morogoro ina nguvu katika mifugo na chakula. Nelson Mandela ya Arusha imefanya kazi nyingi ya sumukuvu. MUHAS, chuo cha Muhimbili cha Dar es Salaam, iko upande wa afya ya binadamu na afya kazini, na Makerere ina vyote viwili. Lubumbashi, kwa ndugu zetu wa Katanga, ina kitengo cha toksikolojia na mazingira kinachostahili kujulikana zaidi. Tutakirudia hapa chini.

Usichague chuo kwa jina. Chagua kwa kusoma machapisho ya miaka mitano iliyopita na kuangalia vipimo vilifanyikia wapi. Ikiwa kila makala inasema sampuli zilipelekwa Ulaya, mashine ya hapo haikutumika, na wewe pia utapeleka.

"Sandwichi" ni nini?

Ni utaratibu wa kugawa masomo kati ya nyumbani na ughaibuni. Unaandika andiko na kusoma kozi kule, unarudi kukusanya data huku, unakwenda tena kupima au kuandika. Wageningen ya Uholanzi ina uzamivu wa namna hii kwa jina hilo hilo. Vyuo vya Ubelgiji, hasa Ghent na Leuven, vimefundisha hivyo watu wengi wa Afrika, Ghent ikijulikana kwa sumukuvu. Sweden, kupitia shirika lake la misaada, Sida, iligharimia kwa miongo kadhaa wahadhiri wa vyuo vya Tanzania kwa mpango huo.

Uzuri wake ni kwamba tatizo linabaki la kwetu na mashine inakuwa ya kwao. Ubaya unaonekana ukirudi: umejifunza kupima kwa chombo ambacho hakipo kwenye jengo lako. Mwenye busara huweka ndani ya andiko lake, tangu mwanzo, kipimo kimoja kinachoweza kuendelea kufanyika nyumbani baada ya yeye kuhitimu, hata kama ni cha bei nafuu na hakina sifa kwenye majarida.

Mfano mzuri wa ubia uliozaa matunda ni Lubumbashi na Leuven. Watafiti wa pande mbili walichapisha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo. Mwaka 2018 wakachapisha kuhusu Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walikuwa wanachimba kobalti chini ya nyumba zao. Watoto ndio walioonekana kuathirika zaidi, hadi dalili za uharibifu katika vinasaba. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kwa mgeni peke yake. Nani angemfungulia mlango amchukue mtoto mkojo?

Je, daktari wa kawaida, asiye mkemia, anaweza kufanya uzamivu wa sumu?

Anaweza. Hans Rosling, ambaye watu wengi wanamkumbuka kwa michoro yake ya takwimu, alikuwa daktari wa wilaya Nacala, kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 1981 wanawake na watoto zaidi ya 1,000 wa mkoa wa Nampula walipooza miguu ghafla, katika kipindi cha ukame. Uchunguzi ukaelekea kwenye muhogo mchungu uliokuwa unaliwa kabla haujaandaliwa vya kutosha, kwa sababu ya njaa. Rosling alilifanya suala hilo uzamivu wake Uppsala, akamaliza 1986. Ugonjwa huo, konzo, umeonekana pia Tarime, mkoani Mara, na unajulikana sana Kongo.

Mkemia angeweza kupima sayanidi vizuri kuliko yeye. Lakini yeye ndiye aliyewaona wagonjwa na kuuliza wamekula nini. Ukiwa muuguzi, mtabibu wa mifugo au bwana afya, hilo ndilo unaloweza kuja nalo, na kemia utaongezewa.

Nasikia Marekani wanalipa wanafunzi wa uzamivu. Ni kweli?

Katika sayansi za maabara, ni kweli kwa sehemu kubwa. Mwanafunzi aliyekubaliwa kwa kawaida halipi ada, na anapewa posho. Ila chanzo cha fedha ndicho kinachoamua kama wewe, mwenye pasipoti ya kijani au ya bluu, unahusika.

Mdhamini mkuu wa utafiti wa sumu za mazingira kule ni NIEHS, taasisi ya afya ya mazingira iliyo chini ya NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani), yenye makao yake North Carolina. Inatoa fedha za mafunzo kwa njia mbili zinazotajwa sana. T32 hupewa chuo, nacho huchagua wanafunzi wa kuwaweka humo. F31 huombwa na mwanafunzi mwenyewe kwa andiko lake. Zote mbili ni za raia wa Marekani na wakazi wa kudumu tu. Kwa hiyo Mtanzania aliyetoka Dodoma na viza ya mwanafunzi hawezi kulipwa na T32, hata awe wa kwanza darasani. Binti wa Mkenya aliyekulia Minnesota na mwenye kadi ya kijani anaweza. Diaspora, wambieni watoto.

Kwa mgeni, njia ni fungu la utafiti la profesa, ambalo halina sharti la uraia, au fedha za chuo, mara nyingi kwa kufundisha maabara za shahada ya kwanza. Programu ya utafiti ya Superfund, iliyoanzishwa 1986 kwa ajili ya maeneo yaliyochafuliwa na taka hatari, ni chanzo kingine: vituo vyake hutakiwa kuchanganya watu wa afya na watu wa uhandisi na mazingira, na kufundisha wanafunzi ni sehemu ya masharti yake. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, nayo ipo, na inakuja na lile sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba viza fulani za kuishi kule. Soma sharti hilo kabla ya kuposa.

Posho ya Marekani inatosha?

Kiwango cha NIH kwa mwanafunzi wa uzamivu kilikuwa dola 27,144 kwa mwaka 2023 na 28,224 kwa 2024. Vyuo vingi huongeza juu yake. Ukizigeuza kuwa shilingi utaona utajiri. Ukizigeuza kuwa kodi ya nyumba Boston utaona jambo jingine. Katika mji mdogo wa chuo, mtu mmoja anaishi na anaweza kutuma kidogo nyumbani. Mwenye familia ya watu wanne apige hesabu ya bima na malezi ya watoto kabla ya kusaini, na asiwaahidi wadogo zake ada kabla hajakaa mwaka mmoja.

Na Ulaya ya Kaskazini?

Sweden na Norway humwajiri mwanafunzi wa uzamivu: mkataba, mshahara, kodi, likizo. Sweden ni miaka minne ya masomo, na unaweza kupewa kazi za kufundisha hadi asilimia 20, ambazo hurefusha mkataba. Ada hakuna. Nafasi hutangazwa kama kazi nyingine, kwa hiyo barua ya "naomba ufadhili" haina mahali pa kuingia. Unaomba kazi, unataja unachoweza kufanya siku ya kwanza.

Mafunzo yenyewe yakoje?

Hapa tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Marekani hukuweka darasani mwaka wa kwanza: kanuni za toksikolojia, biokemia, takwimu. Wakati huo unazunguka maabara mbili au tatu, wiki kadhaa kila moja, ndipo unachagua msimamizi, naye anakuchagua. Mwaka wa pili kuna mtihani mgumu wa kukubalika kuendelea. Unatetea andiko mbele ya kamati, na wapo wanaorudishwa. Kwa jumla ni miaka mitano au sita.

Katika vyuo vyetu vingi, uzamivu wa utafiti huanza na andiko lenyewe. Unaingia na mada, unaanza. Ni haraka kwa karatasi, lakini mapengo ya msingi hayazibwi na mtu, na yanajitokeza siku ya utetezi. Kama chuo chako hakina kozi, jitengenezee. Kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu, mambo manne hayakwepeki.

Takwimu kwanza, hasa uhusiano wa dozi na madhara, na namna ya kushughulikia sampuli zilizo chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kukitambua. Wanafunzi wengi huziandika sifuri. Sifuri si jibu. Ni sampuli ambayo mashine imeshindwa kuisema, na ukizijumlisha hivyo wastani wako unashuka na kijiji kinaonekana salama.

Pili, udhibiti wa ubora wa vipimo: sampuli tupu, sampuli rudufu, sampuli iliyoongezewa kiasi kinachojulikana ili uone unakipata tena kiasi gani. Maabara zinazofuata kanuni za utendaji bora za OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, zilizowekwa 1981, huandika kila kitu mpaka joto la jokofu. Kaa humo hata mwezi mmoja. Unachosha, na utakufaa kazini kuliko makala mbili.

Tatu, tathmini ya hatari. Kujua kwamba unga una mikrogramu 12 za aflatoksini kwa kilo ni nusu ya kazi, hata kama kikomo cha Afrika Mashariki ni 10. Mtoto anakula uji wa unga huo kiasi gani, ana uzito gani, kwa siku ngapi za mwaka? Hapo ndipo serikali inapopata cha kuamua.

Nne, wanyama na mbadala wake. Russell na Burch waliweka mwaka 1959 msingi wa kubadilisha, kupunguza na kuboresha matumizi ya wanyama katika majaribio, na dunia inaelekea huko: seli zinazokuzwa kwenye vyombo, samaki wadogo, hesabu za kompyuta. Kwa maabara zetu hii ni habari njema, kwani kuweka banda la panya la viwango vinavyokubalika ni ghali mno.

Nimwandikieje profesa nisiyemjua?

Kwa ufupi. Aya ya kwanza: wewe nani na unaweza kufanya nini kwa mikono yako. Ya pili: makala yake gani umesoma na swali gani limekubakia. Ya tatu: unaomba nini, na fedha unazo au unazitafuta. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili.

Kwa profesa wa kwetu, "shikamoo" ni mwanzo mzuri ukikutana naye koridoni. Kwenye barua pepe, mpe cheo chake na uende kwenye hoja, ana barua za namna yako tele. Kwa wa nje, usimwandikie "Dear Sir" bila jina huku umewanakili wengine arobaini. Wanaona. Asipojibu, mkumbushe baada ya wiki mbili, mara moja, kisha endelea na mwingine.

Vibali vinachukua muda gani, na vya nani?

Vinachukua muda mrefu kuliko ratiba yako inavyosema. Utafiti wa binadamu Tanzania bara unapita kamati ya maadili ya chuo na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), na kibali cha utafiti hutoka COSTECH. Kenya ni kamati ya maadili ya taasisi kisha leseni ya NACOSTI. Uganda ni UNCST. Kusafirisha damu, mkojo au maziwa nje kunahitaji mkataba wa uhamishaji wa sampuli, na huo ndio unaochelewesha sandwichi nyingi. Uanze kuandikwa siku ile ile andiko linapopitishwa.

Fedha zikikatika katikati?

Hutokea. Mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa, na NIH ikabadilisha utaratibu wa kupitisha fedha kwa taasisi za nje kupitia vyuo vya Marekani. Wanafunzi waliokuwa wamebebwa na miradi hiyo walijikuta wakitafuta daraja la kuvukia. Hakuna kinga kamili. Lakini panga sura za tasnifu ili sura ya kwanza iweze kuandikwa kwa data iliyokwishapatikana, hifadhi nakala za data mahali pawili, na jua mapema kama chuo chako kinaruhusu kusitisha usajili bila kutozwa ada. Msimamizi wa pili kutoka taasisi nyingine ni bima ambayo watu huiona umuhimu wake wakati umeshapita.

Nikipata ujauzito nikiwa maabara?

Mwambie msimamizi au afisa usalama mapema, hata kabla ya wakwe kujua. Risasi na zebaki hupita kwenda kwa mtoto, na viyeyusho vingine havifai kuvutwa. Kazi inaweza kupangwa upya: miezi ya data, maandishi na kozi badala ya benchi. Wenye fedha za mafunzo za NIH wanaruhusiwa kulipwa hadi wiki 8 za likizo ya uzazi kwa mwaka. Wafadhili wa Afrika hutofautiana, kwa hiyo liulize kabla ya kusaini, kwa maandishi. Wanawake wa nchi zinazoendelea waangalie pia mfuko wa Schlumberger, kwa mpango wake wa Faculty for the Future, na OWSD, jumuiya ya wanawake wanasayansi yenye makao Trieste, Italia.

Kampuni ya viuatilifu inataka kunilipia kila kitu. Nikubali?

Hili linastahili jibu refu kuliko yote, kwa sababu toksikolojia ndiyo fani ambamo mwenye bidhaa ana hamu kubwa ya kumlipa mpimaji.

Historia ya risasi kwenye petroli ndiyo shule yake. Tangu miaka ya 1920 Robert Kehoe, daktari wa Marekani, aliichunguza risasi hiyo kwa fedha za waliokuwa wakiitengeneza na kuiuza. Maabara ya Kettering aliyoiongoza katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, iliyoanzishwa 1930, ilijengwa kwa fedha za kampuni hizo: Ethyl, General Motors na DuPont. Vipimo vyake havikuwa vya kipuuzi. Alikuwa anajua kupima. Lakini kwa miongo kadhaa yeye ndiye aliyekuwa sauti kuu ikisema risasi mwilini ni jambo la kawaida na kwamba kuna kiwango kisicho na madhara. Clair Patterson, mtu wa jiokemia aliyekuwa akipima umri wa dunia, ndiye aliyeonyesha mwaka 1965 kwamba "kawaida" hiyo ilikuwa uchafuzi ulioenea kila mahali. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia Januari 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Hii haimaanishi kwamba kila fedha ya kampuni ni rushwa. Kampuni zina maabara nzuri na data ambazo vyuo havina. Ila soma mkataba kwa utulivu, ukiwa na mwanasheria wa chuo. Data ni ya nani? Kampuni ina haki ya kusoma makala kabla haijachapishwa, au ina haki ya kuizuia? Kusoma kwa siku 30 ni jambo la kawaida, kuzuia ni jambo la kukataa. Fedha zinapitia chuo au akaunti yako? Na matokeo yasipowapendeza mwaka wa pili, je, mwaka wa tatu unalipwa? Mkataba usiojibu swali la mwisho umeshalijibu.

Baada ya kuhitimu kuna kazi?

Tanzania: Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, TMDA ya dawa, TBS ya viwango, na TPHPA ya afya ya mimea na viuatilifu, iliyochukua nafasi ya TPRI ya Arusha. Kenya: KEBS ya viwango, bodi ya kudhibiti viuatilifu, na mashirika yaliyozunguka UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, pale Gigiri, Nairobi. Vyuo, migodi na viwanda vya dawa vipo pia. Anayetaka cheti kinachotambulika nje anaweza kufikiria mtihani wa Bodi ya Toksikolojia ya Marekani, au usajili wa Ulaya, lakini baada ya miaka ya kazi.

Nianze kuomba lini?

Kwa Marekani, maombi mengi hufungwa Desemba, mahojiano ni Januari hadi Machi, na vyuo vingi huheshimu tarehe 15 Aprili kama siku ya kujibu ofa ya fedha, kwa hiyo usikubali kubanwa ujibu Februari. Masomo huanza Agosti. Sweden na Norway hutangaza mwaka mzima. Programu za Afrika hufungua dirisha kwa wiki chache na kulifunga, nyingine hazifunguki kila mwaka. Jiandikishe kupokea matangazo ya icipe na APHRC. Wadhamini watatu wa barua za mapendekezo waombwe miezi miwili kabla. Na cheti cha shahada yako, kama bado kiko chuoni kwa sababu ya deni la maktaba, kalipe.